Mawazo mabaya hayaondoki kwa kuambiwa "usiwaze": hatua za kuyahoji, na jinsi ya kufika kwenye kidonda chenyewe

Mtu akikwambia moyo unamuuma jibu letu la haraka ni "usiwaze sana, mwachie Mungu, mbona wapo wenye shida kuliko wewe". Nia ni nzuri ila haisaidii, maana jaribu tu sa hivi mtu akukataze kumfikiria mamba uone kama mamba haji. Na ubaya wake mwingine ni kwamba yule mtu anaondoka na shida yake pamoja na aibu ya kuonekana hana imani, kwahiyo siku nyingine hasemi kabisa.

Kitu nachotaka ukishike kabla ya hatua zenyewe ni hiki, kuna wazo baya na kuna kidonda, na watu wengi wanavitibu kwa dawa moja. Wazo baya linahojiwa. Kidonda hakihojiwi, kinasimuliwa. Ukimhoji mtu mwenye kidonda, "una uhakika shangazi yako alikunyanyasa au ulikuwa mtoto tu hukuelewa", umemuumiza upya. Na ukimwacha mtu mwenye wazo baya analisimulia kila siku kwa kila anayepita bila kulihoji hata mara moja, wazo linanenepa. Kwahiyo kazi kubwa ya mshauri, au yako mwenyewe kama unajisaidia, ni kujua sa hivi umeshika kipi.

Kwanza kabisa, usalama

Hii usiiruke. Kama mtu (au wewe) kwa wiki 2 au zaidi halali vizuri, hali chakula au anakula kupitiliza, hana hamu na vitu alivyokuwa anavipenda, anajiona hana thamani, hilo sio la daftari peke yake, hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika, aende kituo cha afya hata kama hakina daktari wa akili watampa rufaa.

Na muulize wazi wazi, "umewahi kufikiria kujiua?" Watu wanaogopa hili swali wakidhani watampa wazo ambalo hakuwa nalo, sio kweli, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu ameuliza. Akisema ndio, usianze mahubiri. Kaa naye, usimwache peke yake, sumu ya panya na dawa za shambani na vidonge vyote vitoke ndani, halafu mnaenda hospitali pamoja, leo. Kama ni mtoto anayefanyiwa ukatili, namba 116 ni ya bure Tanzania, Kenya na Uganda.

Kama hapo pako sawa, twende.

Hatua ya 1: Kamata wazo lenyewe, sio hisia

Huyu baba wa hizi mbinu, Aaron Beck, alikuwa daktari wa akili kule Philadelphia Marekani. Miaka ya 1960 anawatibu watu wa sonona kwa mtindo wa zamani, mtu analala kwenye kochi anasimulia utoto wake, akagundua kwamba pembeni ya yale wanayosema kuna sentensi fupi fupi zinapita kichwani haraka haraka, mfano "huyu daktari ananiona mjinga", na mgonjwa mwenyewe hata hazishtukii ila moyo wake ndo unazifuata hizo. Akaacha kuchimba utoto kwanza, akaanza kushughulika na zile sentensi. Ndo ikazaliwa hii tiba wanayoiita CBT (kifupi cha Kiingereza cha cognitive behavioural therapy, yani tiba ya mawazo na matendo).

Kwahiyo chukua daftari, kurasa mbili zinazotazamana, chora safu: nini kilitokea, nini kilipita kichwani, nilisikiaje, nikafanya nini.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Dada mmoja anauza vitenge Kariakoo. Jumatatu kamtumia kaka yake meseji WhatsApp, anaomba amuongezee mtaji. Tiki mbili zikawa za bluu. Jumatano bado kimya. Amelala chali anaangalia simu, anaona kaka yake "last seen" saa 4 usiku. Sasa ukimuuliza nini kilitokea atakwambia "kaka amenidharau". Hapana, hilo sio tukio, hilo tayari ni wazo. Tukio ni kile ambacho kamera ingekiona, yani: nilituma meseji, imesomwa, haijajibiwa siku 2. Basi. Wazo ni "kaka ananiona mzigo". Hisia ni aibu na hasira. Alichofanya ni kumblock na kutoenda dukani Alhamisi.

Hapa watu wengi wanakwama, hasa kwenye kutofautisha wazo na hisia, maana kwa Kiswahili chetu tunasema "nilihisi kama ananidharau". Hilo ni wazo. Hisia mara nyingi ni neno moja, huzuni, woga, hasira, aibu, upweke, wivu. Kama imekuwa sentensi ndefu ujue ni wazo limejificha.

Fanya hivi siku kadhaa tu bila kubadilisha chochote. Andika na uende zako.

Hatua ya 2: Lipe namba

Unaliamini kwa asilimia ngapi? Dada wa vitenge kasema 90. Usiidharau hii, bila namba huwezi kujua kama kazi inasogea, na mtu akishaona kwamba hajasema 100 tayari kuna kamlango kamefunguka. Muulize, "hiyo 10 iliyobaki ni ya nini?" Mara nyingi jibu zuri lote liko humo.

Hatua ya 3: Ushahidi, pande zote mbili

Hapa ndo pa kukaa muda. Chora mstari katikati, upande mmoja ushahidi unaounga mkono wazo, upande mwingine unaopinga. Sheria ni moja tu, uwe ushahidi ambao ungeusimamia mbele ya mwenyekiti wa mtaa na wazee wakaukubali. "Najua tu" hapana. "Moyo wangu unaniambia" hapana. "Anavyoniangaliaga" hapana, labda useme alikuangalia lini na akasema nini.

Usianze na upande wa kupinga. Anza na unaounga mkono na uuandike kwa uaminifu, maana mtu akiona unakimbilia kumfariji anakufunga mlango. Dada yetu upande wa kuunga mkono ana kitu kizito kweli: kwenye harusi ya ndugu yao kaka alisema mbele za watu "wewe kila siku una shida". Hilo lilitokea, watu walisikia, linaandikwa. Upande wa kupinga: muhula uliopita kaka ndo alilipa ada ya mtoto wake bila kuombwa mara mbili. Kaka ni dereva wa lori, wiki hii yuko njia ya Tunduma. Mama naye hajapigiwa tangu Jumapili, na kwa mama kaka hana ugomvi.

Maswali ya kumsaidia akikwama:

- Ingekuwa rafiki yako ndo kaja na hii meseji, ungemwambia nini?
- Kuna maelezo mengine mangapi ya huo ukimya? Taja hata la kijinga.
- Hilo neno "kila siku" au "wote" au "kamwe", hebu lihesabu, ni kweli kila siku?
- Unajua anachofikiria au unakisia?

Ukifanya hivi mara kwa mara utaanza kuona kichwa chako kina mchezo wake kinaoupenda. Kuna wanaosoma akili za watu. Kuna wanaotabiri maafa, mtoto kachelewa dakika 10 wao tayari wako mochwari. Kuna wale wa yote au hakuna, keki imeungua pembeni basi mimi sijui kupika. Dada yetu ni wa kusoma akili.

Hatua ya 4: Wazo mbadala, na liwe linaaminika

Sipendi hizi za kusimama mbele ya kioo unajiambia "mimi ni mshindi, mimi napendwa". Kuna utafiti wa Canada uliochapishwa 2009, watu walioambiwa warudie sentensi kama "mimi ni mtu wa kupendeka", wale ambao tayari wanajiona chini waliishia kujisikia vibaya zaidi, kwasababu kila wakiisema kichwa kinawajibu "muongo wewe".

Wazo mbadala linajengwa na ule ushahidi wa pande zote mbili. La dada likawa hivi: "Kaka amechoka kuombwa hela na alishasema mbele za watu, hilo ni kweli na liliniuma. Ila kwamba ananiona mzigo sina ushahidi, ada alilipa, na wiki hii yuko barabarani." Ona halijapakwa asali. Lile neno la harusini limo ndani. Muulize tena namba, 90 imekuwa 50. Hiyo ni kazi kubwa, usitafute sifuri.

Hatua ya 5: Nenda kajaribu

Kuwaza peke yake hakutoshi, wazo linakufa vizuri likikutana na kitu kilichotokea. Andika utabiri wako kabla. Dada kaandika: "Nikimpigia hatapokea, au atapokea kwa mkato." Jaribio: atamfungulia block, atapiga Jumapili jioni, na hatagusia hela kabisa, salamu tu na kuuliza safari. Baada ya simu anaandika kilichotokea pembeni ya utabiri. Ikitokea kweli kaka kajibu kwa mkato, sawa, nayo ni taarifa, tunaijadili, hatulazimishi mambo yawe mazuri.

Kwa mtu ambaye hata kunyanyuka kitandani ni kazi, usianze na mambo ya kuhoji mawazo, kichwa hakina nguvu. Anza na mwili: aoge kabla ya saa 3, atembee mpaka dukani arudi, akae nje na majirani robo saa. Kimoja kwa siku na kimeandikwa saa ngapi. Asisubiri hamu, hamu inakujaga nyuma ya kitendo.

Kama wazo ni la kweli

Hili linasahaulika sana. "Nitafukuzwa nyumba, sijalipa kodi miezi 3." Sasa hapo utahoji nini? Ushahidi uko kwa mwenye nyumba. Wazo la kweli halibadilishwi, linatafutiwa ufumbuzi.

Zimbabwe wana mfano mzuri wa hili. Mwaka 2006 daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda alianza na mabibi wa Mbare, mtaa wa Harare, akawafundisha, wakawa wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki, mtu anakuja anakaa na bibi. Kwa Kishona ile hali wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na ukisikia tu unaelewa, mbona na sisi tunasema "anawaza sana huyu". Bibi anasikiliza matatizo yote, yanaorodheshwa, halafu anamwambia achague moja. Moja tu. Kwa hilo moja wanatafuta njia nyingi, hata za ovyo, wanachagua hatua ndogo ya kufanya wiki hii, akirudi wanaangalia imekwendaje. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha baada ya miezi 6 waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Sa hivi benchi hilo limeshafika mpaka Zanzibar. Kwahiyo usiniambie huwezi kumsaidia mtu kwasababu hujasoma saikolojia chuo kikuu.

Utajuaje umefika kwenye kidonda

Rudi kwenye daftari. Baada ya wiki kadhaa dada wa vitenge anasoma kurasa zake anaona kaka hakujibu: mimi mzigo. Mteja kaahirisha oda: mimi msumbufu, mzigo. Mume kachoka karudi kimya: amechoka kunibeba. Matukio tofauti, sentensi ile ile. Na namba haishuki chini ya 50 hata ushahidi ukiwa mlima. Na mwili unashiriki, koo linakaza, tumbo linavurugika. Hapo acha kuhoji. Uliza kwa upole, "hili neno mzigo ulilisikia lini mara ya kwanza?"

Na yeye anajua. Alipelekwa kwa shangazi akiwa na miaka 8 asome, akaishia kulala jikoni na kuosha vyombo wenzie wakiwa shule, na kila akiomba daftari anaambiwa "mama yako ametutupia mzigo". Kaka hakuanzisha chochote, kaka kagusa pale pale.

Kidonda kinashughulikiwaje

Kama ukatili bado unaendelea, yani bado anaishi na anayempiga, usifungue kidonda. Shughulikia kwanza atoke au alindwe. Na kama tukio ni la juzi tu, ajali, ubakaji, msiba wa ghafla, usimlazimishe asimulie "atoe yote". Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri yale mahojiano ya kulazimisha mtu asimulie mara tu baada ya tukio. Mpe maji, mtu wa kukaa naye, msaada wa hospitali na polisi, akitaka kuongea msikilize. Kwa ubakaji hospitali iwe ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU, na mapema zaidi ni bora.

Mfundishe breki kabla ya safari. Pumzi za tumboni, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Na ile ya kutaja vitu 5 anavyoviona, 4 anavyovigusa, 3 anavyovisikia, 2 vya kunusa, 1 cha kuonja. Inaonekana ya kitoto ila mtu aliyezama kwenye kumbukumbu inamrudisha kwenye kiti alichokalia.

Halafu kuna mbinu ambayo mimi binafsi naipenda kuliko zote. Ilitengenezwa na watu wa Konstanz Ujerumani na ikatumika na wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali kambi ya Nakivale, Uganda. Unachukua kamba unailaza chini, ndo maisha yako, mwanzo ni kuzaliwa, mwisho umekunjwa kwasababu bado hujafika. Unaweka maua palipokuwa na furaha na mawe palipouma. Jiwe kubwa kwa jambo kubwa. Kwanza unaiangalia yote. Dada yetu aliweka jiwe la shangazi, halafu akashangaa kwamba pembeni yake kuna ua, jirani aliyekuwa anampa uji na kumfundisha kushona. Alikuwa amemsahau.

Baadaye unarudi kwenye jiwe moja moja, unasimulia tangu kabla halijatokea mpaka lilipoisha, kwa mpangilio. Mshauri anauliza taratibu na anarudi rudi kati ya wakati ule na sasa. Inakuwa kama hivi:

"Ilikuwa asubuhi au jioni, mwanangu?"

"Asubuhi mama. Nimeshika sufuria."

"Shangazi kasimama wapi?"

"Mlangoni. Ndo akasema lile neno."

"Mwili wako pale ulisikiaje?"

"Miguu ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa nataka kukojoa."

"Na sasa hivi hapa kwangu, miguu ikoje?"

"Inatetemeka kidogo. Ila... siko kule."

"Hauko kule. Haya, akishasema vile ukafanya nini?"

Msiishie katikati, mfike mpaka mwisho wa tukio na kilichofuata, hata kama kilichofuata ni "nikaenda kuchota maji". Kumbukumbu ya kiwewe inasumbua kwasababu imevunjika vipande na haina tarehe, kila ikija inakuja kama vile inatokea leo. Ukiisimulia kwa mpangilio inapata mahali pake kwenye kamba. Ila kwa mambo ya vita, ubakaji, au mtu anayepoteza fahamu akikumbuka, hii kazi ni ya mshauri aliyefunzwa, sio ya sebuleni. Moshi na Bungoma kumefanyika kazi kama hii na watoto waliofiwa na wazazi, washauri wakiwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, watoto wanafanya mengi kwenye vikundi lakini ile stori nzito kila mmoja anaisimulia akiwa peke yake na mshauri.

Kwa kidonda cha wastani ambacho unataka kushughulika nacho mwenyewe, andika. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1986 alichapisha utafiti ambapo wanafunzi waliandika jambo lililowaumiza sana maishani, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, ukweli wa kilichotokea pamoja na walivyosikia. Walipomaliza kuandika walijisikia vibaya, na miezi iliyofuata wakaenda hospitali mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Kwahiyo usishtuke ukilia siku ya kwanza. Ila ukiona siku ya 3 umezidi kuzama na hulali, acha, tafuta mtu. Usijali herufi, na ukitaka choma karatasi, hakuna anayesahihisha.

Kuhusu msamaha

Familia zetu zinapenda kuanzia hapa. Kikao kinaitwa, aliyeumiza anasema "nisameheni kama nimekosea", wazee wanasema yaishe, aliyeumizwa akisita anaonekana ana roho mbaya. Yule dada hajasimulia hata nusu, anaambiwa asamehe kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Kusamehe kukija kunakuja mwishoni, na kuna watu wanapona vizuri tu bila kufika hapo. Na kusamehe sio lazima urudi kula Idi au Krismasi kwa shangazi. Dini yako itumie, sala inawashikilia watu wengi mno, ila asitumie mtu dini kukunyamazisha.

Kwako unayemsikiliza mwingine

Sema "pole", halafu nyamaza. Ukimya wa dakika nzima sio mbaya, ni wewe tu ndo unaogopa. Usilete stori yako. Usiahidi kwamba itakuwa sawa. Siri ibaki siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, na hilo mwambie mwanzoni kabisa kabla hajafungua mdomo, maana mtaa wetu unaujua, kesho yake ukikutwa unanong'ona saluni hakuna atakayekuja tena, na pengine hataenda kwa yeyote.

Na usimalize maongezi kidonda kikiwa wazi. Dakika 10 za mwisho tokeni kwenye jiwe, rudini kwenye mambo ya leo: anapita wapi kurudi, nyumbani kuna nani, usiku atakula nini, akizidiwa atampigia nani na hiyo namba iko kwenye simu au la. Kama haipo isevuni hapo hapo kabla hajanyanyuka.